Sababu za Kamera Kutowaka

Olumbi, Jumapili, 11 Mei 2025

Kaka Latifo,

Natumaini kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu Ijumaa kimekuacha. Sisi hapa wazima. Mihogo ya shamba la chini imekubali, ya shamba la juu imekwisha kwa nguruwe. Binti wa shangazi Nafisa amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Tuaibo, analia kama mtu anayenadi samaki. Reprografia yangu barazani inaendelea. Watu wanakuja kuandikiwa maombi na kutoa kopi za vitambulisho, na printa bado inavuta karatasi mbili mbili kama ulivyoniachia.

Nakuandikia, sikupigii, kwa sababu mbili. Simu ya nyumbani anaishika mama na anaiweka sauti kubwa. Na nataka unichoree kitu.

Tarehe 6 alikuja fundi wa macho kwenye kituo cha afya. Nilimpeleka mama. Alimpima kwa muda mrefu, akaniita pembeni, akasema ni presha ya macho. Alichokipoteza hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Ametupa dawa ya matone. Nilimuuliza kilichobaki kitakaa muda gani. Akasema hawezi kuapa, lakini kama kuna kitu mama anataka kukiona, akione mwaka huu.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza anaonaje. Akasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Katikati kuna mwanga, pembeni hakuna kitu. Nikamuuliza angependa kuona nini. Nilidhani atasema mji wa Pemba uliko wewe, au kaburi la baba. Akasema: "Nataka nimwone Latifo."

Najua umesema kazi zimekubana, na safari yenyewe hii ya malori kungojana njiani kwa sababu ya usalama. Ni miaka miwili sasa, sikulaumu. Lakini tunayo kompyuta, na wewe ni fundi wa kompyuta. Nataka tupige simu ya picha. Nilimwambia mama nitampeleka kwenye ukuta wa kituo cha afya, pale watu wanapokaa na simu zao kwa sababu rede, mawimbi ya mtandao, inafika. Amekataa. Amesema hatamtazama mwanawe mbele ya watu wanaokula karanga.

Kwa hiyo mtandao lazima ufike nyumbani. Niambie nianzie wapi. Barua anakuletea Hermínio kwenye lori lake, mpe jibu akirudi.

Mdogo wako,
Alima


Pemba, 2 Juni 2025

Mdogo wangu Alima, engenheira, injinia wa Olumbi,

Barua imefika na harufu ya samaki wakavu, Hermínio aliiweka alikoiweka. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Mpongeze binti wa shangazi. Siku chache zijazo ni Idi, nimempa Hermínio kitambaa cha mama na sabuni. Chako ni hicho kifurushi kizito, usifurahi, si nguo.

Habari ya macho ya mama nimeisoma mara nyingi. Sina la kusema juu yake leo.

Juu ya mtandao ninalo. Ndani ya kifurushi kuna ruta inayotumia laini ya simu, antena ya nje na waya mita kumi. Waya usiurefushe, kila mita unayoongeza inakula rede. Nimekuchorea ukurasa wa pili jinsi ya kuifunga antena kwenye mwanzi. Usiielekeze tu Palma kwenye mnara kwa kukisia. Igeuze kidogo kidogo, kila ukiigeuza ngoja dakika mbili, andika namba ruta inayokuonyesha. Wewe kuandika hushindwi.

Lakini nikwambie mapema usije ukampa mama matumaini: simu ya picha inahitaji rede yenye nguvu. Kwa hali ya Olumbi sidhani. Tutaona.

Kaka yako,
Latifo


Olumbi, Jumapili, 29 Juni 2025

Kaka Latifo,

Asante kwa kitambaa. Mama alikivaa Idi yote, na aliyemsifu aliambiwa kimetoka kwa nani hata kabla ya kuuliza. Shangazi Nafisa anakusalimu, anasema mjukuu wake anafanana na wewe ulipokuwa mdogo, maana yake ana kichwa kikubwa.

Sasa kazi. Nimefunga antena juu ya mwanzi wa mita saba, nyuma ya chumba cha mama, kwa sababu ndio ukuta ambao waya unaufikia. Ruta iko chumbani kwake, juu ya sanduku. Chini ya mwanzi nimepigilia mfuniko wa ndoo niliouchora mistari kama saa, nikageuza antena mstari mmoja mmoja. Siku nne, asubuhi na alasiri. Kuelekea Palma moja kwa moja rede ni mbovu, minazi ya mzee Chamsudine imeziba. Nafasi nzuri ni mistari miwili kulia, upande wa Afungi. Hapo ruta iliwasha taa zote.

Nikafungua kompyuta. Kila ukurasa wa mtandao ukanikatalia, ukisema njia si salama. Nikadhani ni virusi. Nilifuta kila kitu, nikaweka upya, siku mbili. Bado. Siku ya tatu ndipo nikaangalia kona ya chini: kompyuta ilikuwa inaamini ni tarehe 1 Januari 2009. Ile pilha, betri ndogo ya duara ndani yake, imekufa, kila umeme wa sola ukikatika saa inarudi mwanzo, na kurasa zinamkataa mtu anayetoka mwaka 2009. Nimepata pilha Palma kwa muuza saa. Sasa saa ni sahihi na kurasa zinafunguka.

Usicheke. Najua unacheka.

Nimepima pia macho ya mama, kwa picha niliyoichapa ya ukubwa wa uso wa mtu. Akiwa hatua mbili kutoka kwenye picha, uso wote unaingia kwenye bomba lake. Karibu zaidi anaona kipande tu. Kwa hiyo nimepanga kiti na skrini kwa hatua mbili, nimeweka alama sakafuni kwa chaki.

Rede ipo. Tupige Jumapili tarehe 20 Julai, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshika paneli. Mama ameshachagua kitambaa, ni kile chako.

Alima


Pemba, 8 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa tarehe 20. Najua mlikaa mkangoja. Kamera ya laptop yangu imekufa, nimeifungua mara mbili, waya wake umekatika ndani. Na siku ile umeme wa mtaa wetu ulikuwa unakwenda na kurudi. Nilitaka kupiga simu ya kawaida, nikaona mama atavunjika moyo zaidi.

Nimecheka kuhusu pilha, sikuweza kujizuia. Engenheira mzima umefuta kompyuta nzima kwa ajili ya pilha ya saa. Lakini mfuniko wa ndoo ni kazi nzuri. Nimewaonyesha mafundi wenzangu maelezo yako, mmoja ameuliza kama umeolewa.

Nimefikiria hivi. Picha inayotembea inachezacheza, itamchosha mama macho. Picha iliyotulia ni bora. Nakutumia kwa Hermínio picha yangu moja nzuri, kubwa. Mwekee hapo kwenye hatua mbili, aitazame anavyotaka, kisha nitapiga simu ya sauti, atakuwa na vyote viwili.

Wape salamu wote. Matone ya mama asiruke hata siku moja.

Latifo


Olumbi, Jumapili, 24 Agosti 2025

Kaka Latifo,

Tuko salama. Mzee Chamsudine ameniruhusu nikate makuti mawili ya mnazi wake, rede imepanda tena kidogo. Reprografia imepata kazi ya shule, mitihani ya muhula, nachapa mpaka printa inanuka.

Picha imefika. Nilimkalisha mama kwenye alama, nikaisimamisha mbele yake. Aliitazama. Kisha akasogea karibu, akaanza kuipitia kipande kipande kwa lile bomba lake. Alifika kwenye shati, akasimama hapo. Akasema: "Kifungo hiki cha tatu nimekishona mimi, kwa uzi mweupe, mweusi ulikuwa umekwisha. Hii ni picha ya kabla hajaondoka." Akanirudishia. Akasema: "Nimwone alivyo."

Sasa nakwambia kitu, na unajua mimi huwa nasema baada ya kuandika kwanza. Katika daftari langu la kila siku, ukurasa wa Mei, nilianza orodha ninayoiongezea kila inapozuka mpya: sababu za kaka kutopiga simu ya picha. Ya kwanza rede. Nimeifuta tarehe 27 Juni. Ya pili kurasa kukataa, nimeifuta tarehe hiyo hiyo. Ya tatu kamera yako. Hermínio anakuletea kamera pamoja na barua hii, ni ya kuchomeka, nimeijaribu mwenyewe, inafanya kazi. Nimeifuta leo. Ya nne umeme wako: chagua siku yoyote, saa yoyote, sisi tupo. Nimeifuta pia.

Ya tano ilikuwa umeme wetu. Mawingu yakifunika paneli ruta inazimika. Hii nayo naimaliza. Nimelipata daftari lako la zamani kwenye sanduku la baba, lile la 2022, lenye mchoro wa betri uliyotaka kutengeneza kwa seli za laptop. Anayekusanya vyuma chakavu njia ya Afungi ameniuzia laptop mbovu tatu. Nimezipasua, nimetoa seli kumi na nane. Nimelehemu nane kwa mpangilio wako, nyekundu kwa nyekundu. Jumamosi tarehe 30 asubuhi nazichaji mara ya kwanza, zitakaa chini ya kitanda cha mama, karibu na ruta.

Baada ya hapo orodha haina kitu. Mama anadhani umeoa bila kumwambia na mke hataki kuonekana. Mimi sidhani chochote. Nangoja.

Alima


Pemba, Jumamosi, 30 Agosti 2025

Alima,

Leo sina salamu ndefu. Hermínio alinipa barua yako saa tatu asubuhi. Nilifika kwenye neno seli nikaacha kusoma, nikapiga simu. Mara sita haikupokelewa. Mara ya saba akapokea mama.

Nakuandikia yaliyotokea kwa sababu wewe ulikuwa sokoni, na mama huenda hakukwambia yote.

Nikamwambia: "Mama, Alima yuko wapi?" Akasema sokoni. Nikamuuliza kama kuna kitu kimechomekwa chini ya kitanda chake. Akasema ndiyo, kipo tangu alfajiri, Alima amemwambia asikipige teke. Nikamwambia atoke nje aite jirani. Akasema, "Majirani wote wako msibani kwa akina Adamo, nipo peke yangu. Sema unataka nini."

Nilitaka kumwambia atoke tu, aache nyumba. Lakini juu ya kile kitu kuna godoro, na juu ya godoro kuna paa la makuti. Nikamwambia, mama, kuna waya mweusi umechomekwa ukutani. Usiguse kitu kingine. Weka mkono ukutani, ufuate ukuta mpaka uufikie, uchomoe. Nilimsikia anapapasa. Akaangusha kitu. Akasema, "Hiki ni kikombe." Akaendelea. Kisha akasema ameupata, ameuchomoa. Nikamwambia sasa atoke nje. Hakutoka. Aliinama. Nilisikia kitanda kinalia, akasema, "Latifo, kitu hiki kina joto." Nikapiga kelele, chomoa mkono, mama, toka nje. Sijawahi kumpigia kelele mama maisha yangu.

Alitoka. Akakaa barazani kwako. Akauliza, "Umejuaje?" Akangoja, simu ikakatika yenyewe.

Nimejuaje. Jumanne tarehe 17 Septemba mwaka jana, kwenye meza yangu ya kazi, nilikuwa na seli kumi na mbili kama zako, kwa mchoro ule ule. Mchoro una makosa, Alima. Nimechanganya seli za laptop tofauti, za zamani na mpya, na sikuweka kile kibao kidogo kinachokata chaji zikijaa. Nilijua kipo, nikaona ni cha mafundi waoga. Moja ilianza kuvimba. Niliinama nione ni ipi. Ikapasuka.

Ni upande wa kushoto. Shavu, sikio, na kope la juu. Nilikaa hospitali wiki tatu. Nyinyi niliwaambia nimepata kazi Nampula. Hermínio anajua, nilimwapisha. Jicho lenyewe linaona, Mungu amelihifadhi. Lakini uso ule haupo tena.

Kamera ya laptop yangu haijafa. Ilikuwa nzima siku zote. Futa na hiyo.

Sikuficha kwa aibu peke yake. Ulipoandika kwamba mama anapoteza macho nikafanya hesabu yangu. Nikasema, akibaki gizani atakaa na sura ya mwisho aliyoiona, miaka yote itakayobaki. Afadhali iwe ile ya shati. Ndiyo maana nikakuletea picha. Leo nimemwamuru mama asiyeona vizuri akapapase moto chini ya kitanda, kwa ajili ya kitu nilichokichora mimi na nikanyamaza nilipojua ni kibaya. Mchoro huo ulikuwa kwenye sanduku la baba mwaka mzima nami naujua ulipo.

Seli zote, hata zile kumi, zipeleke mbali na nyumba, kwenye mchanga mkavu, usizimwagie maji, usizitoboe. Ukishafanya hivyo niandikie.

Latifo


Olumbi, Jumapili, 14 Septemba 2025

Kaka Latifo,

Sote wazima, nyumba nzima, godoro zima. Naanza na hayo kwa sababu najua ndiyo utakayoyatafuta.

Niliporudi sokoni mama alikuwa barazani, amekalia kiti cha wateja. Aliniambia: "Kaka yako amesema hicho kitu kitoke." Basi. Nilikwenda kukitoa kwa koleo na ndoo ya mchanga. Seli moja kati ya nane, ya tatu kutoka kushoto, ilikuwa imeinuka kama tumbo la chura. Zote ziko nyuma ya uwanja wa mpira, chini ya mchanga, nimeweka mawe juu na nimemwambia kila mzazi. Daftari lako la 2022 nimechana ukurasa ule na kuuchoma. Mengine nimeyaacha, michoro mingine ni mizuri.

Barua yako ilifika tarehe 9. Nilikuwa na hasira siku mbili, ziko kwenye daftari langu, hutazisoma. Siku ya tatu nilirudi nyuma kwenye kurasa za mwaka jana nikatafuta tarehe 17 Septemba. Nimeandika: "Mvua kidogo. Nimechapa barua nne. Latifo hajapiga simu." Ijumaa iliyofuata: "Latifo hajapiga." Ijumaa nyingine: "Ametuma ujumbe yuko Nampula, kazi nzuri. Mama amefurahi." Nilikuwa nachapa barua za watu, nawe uko hapo umefungwa uso.

Sasa nisikilize kama fundi mwenzako. Mama sijamwambia. Hajaniuliza kitu ila kimoja, kama nadhani unakula vizuri. Nimempima tena jana. Mwezi Juni uso mzima ulikuwa unaingia kwa hatua mbili. Sasa ni hatua nne, na kwa umbali huo anaona ukungu. Akitaka kuona vizuri inabidi asogee, na akisogea anaona kipande kama sahani ya kikombe. Sijui mwezi Desemba itakuwaje.

Ukitaka, yapo mambo ninayoweza kufanya. Naweza kupunguza ubora wa picha mpaka uwe mabaka tu ya rangi. Naweza kufifisha mwanga wa skrini. Au wewe ukae upande, dirisha liwe kulia kwako, kushoto kubaki kivuli. Mama hatajua, atadhani ni rede ya Olumbi. Nimeyajaribu yote matatu kwa picha ya shati na yanafanya kazi. Nimeyaandika ili ujue yapo, siyo kwa kukushauri.

Umeme siku ya jua unatosha bila betri. Chagua wewe. Ukichagua hapana, nitaandika hapana kwenye daftari na sitakuuliza tena.

Shangazi Nafisa anakusalimu. Mtoto Tuaibo ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu.

Mdogo wako,
Alima


Pemba, 1 Oktoba 2025

Alima,

Hermínio yuko nje amewasha lori, naandika nikiwa nimesimama.

Nimechomeka kamera yako jana. Nilikuwa sijajitazama kwa mwanga wa mchana tangu mwaka jana, hata kinyozi nakwenda yule asiye na kioo. Nilijitazama kama dakika kumi hivi. Kisha nikarekebisha kimo cha meza.

Jumapili tarehe 12, saa nne asubuhi. Usipunguze kitu. Mkalishe karibu, hapo anapoona vizuri. Mshike mkono tu.

Latifo


Olumbi, Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Kaka Latifo,

Salamu za nyumba nzima, na za mzee Chamsudine ambaye anadai rede ni ya makuti yake.

Utashangaa nakuandikia kesho yake, wakati jana tumeongea nusu saa. Naandika kwa sababu kamera yetu niliiweka vibaya. Wewe muda wote uliona paji la uso la mama na makuti ya paa, nami sikuthubutu kuigusa. Yaliyotokea upande huu hukuyaona. Nakuandikia uyapate.

Picha yako ilipofunguka mama alikuwa ameegemea mbele, nyusi zake zinakaribia kioo. Nilimshika mkono wa kushoto kama ulivyosema. Alianza upande wa sikio lako la kulia. Akalitazama, akashuka kwenye taya, akapanda kwenye jicho. Hapo alitabasamu. Ndiyo maana kulikuwa na ukimya ule wa mwanzo uliokufanya uulize kama rede imekatika. Haikukatika, alikuwa njiani.

Akafika puani, akavuka. Mkono wake uliponibana nilijua amefika. Hakurudi nyuma. Alikwenda taratibu, chini, juu, pale sikio lilipo sasa, kope, akarudi tena shavuni. Hata kupepesa sikumwona. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni. Kisha ndipo akasema yale uliyoyasikia:

"Nani amekunyoa ndevu upande mmoja? Kinyozi huyo usimrudie."

Ulipocheka, Latifo, upande wa kushoto wa mdomo wako hauendi pamoja na wa kulia, na mama aliweka kidole kwenye kioo hapo hapo. Hukukiona. Alikiacha mpaka ulipomaliza kucheka.

Baada ya simu hakuinuka. Akaniuliza, "Akilala, jicho lile linafunga?" Nikasema sijui. Akasema, "Muulize. Kama halifungi, atie mafuta, afunike kwa kitambaa laini, siyo cha pamba ngumu." Nijibu hilo, ataniuliza kila siku.

Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu ile Jumamosi ya waya. Akasema asiyewahi kuungua hawezi kusema "chomoa mkono" kwa sauti ile.

Nikamwambia na lile jambo lako la sura ya mwisho, kwamba ulitaka abaki na ya shati. Utanisamehe, sikuona tena haja ya kuficha. Akasema: "Ile ya shati ninayo, nimekaa nayo miaka miwili. Hii nilikuwa sina."

Kisha akaniagiza nilete daftari langu. Hajawahi kulitaja, nilidhani hajui kama lipo. Akasema, "Andika kwamba leo nimemwona Latifo. Weka na saa, maana wewe bila saa huridhiki." Nikatazama kona ya kompyuta. Tarehe ilikuwa sahihi, mwaka ulikuwa sahihi. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na nane. Nimeandika hivyo, na chini yake ile orodha ya Mei nimeifunga kwa mstari.

Hermínio anakuletea chupa ya mafuta ya nazi. Mama ameyakamua mwenyewe kwa kupapasa, yana machicha kidogo, chuja. Ni ya upande wa kushoto.

Alima